Tujue tulipo kabla ya kununua darubini

Katika maabara ya shule moja ya upili niliyowahi kuizuru huko Nyamira, mna darubini ya nyota iliyofunikwa gunia. Wazazi waliichangia kwa harambee, na bei yake ilikaribia ile ya ng'ombe wa maziwa. Mwalimu wa fizikia alinieleza kwamba ilitolewa nje mara mbili tu, kisha ikarejeshwa kabatini. Haikuvunjika, wala haikuibwa kioo. Ila yake ni moja: haikukubali kusimamishwa jinsi kitabu chake cha maelekezo kilivyoagiza.

Nilimhurumia mwalimu yule kwa sababu nami nilikuwa nimetumbukia katika shimo lilo hilo. Mimi ni mwalimu wa isimu, si mwanafizikia. Lakini kwa miaka kadhaa nimejiliwaza kwa kupiga picha za vitu vya anga la mbali, yaani mawingu ya gesi yanayozaa nyota, vishada vya nyota, na galaksi zilizo nje ya hii yetu. Nilianza kwa kununua kifaa kikubwa na kizito, nikidhani kwamba ukubwa wa chombo ndio ukubwa wa elimu. Nilikesha usiku mwingi bila kupata hata picha moja ya kuonyesha watu.

Chanzo cha taabu yetu sote wawili kilikuwa sentensi moja ya kitabu: elekeza mhimili wa kifaa kwenye Nyota ya Kaskazini. Dunia huzunguka kwa digrii 15 kila saa, na kwa hiyo nyota huonekana zikisafiri kutoka mashariki kwenda magharibi. Kifaa cha kuzifuata sharti kizunguke juu ya mhimili ulio sambamba na ule wa dunia. Aliye London huuinua mhimili huo kwa takriban digrii 51, akaiona Nyota ya Kaskazini juu angani na kuilenga. Kisii na Nyamira ziko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta. Hapa petu nyota hiyo iko kwenye upeo wa macho, imefichwa na vilima na ukungu. Isitoshe, vifaa vingi vya aina hiyo vimeundwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na mhimili wake haushuki chini ya kiasi fulani. Ukiulazimisha, chuma hugoma.

Katika isimu tunafundisha kwamba maneno kama "hapa", "pale" na "juu" hayana maana kamili mpaka ujue msemaji amesimama wapi. Vifaa navyo ni vivyo hivyo. Tulinunua darubini pamoja na mahali alipokuwa amesimama aliyeiunda, wala hatukumwuliza.

Basi anayeanza aanzie wapi? Naomba nieleze niliyojifunza kwa gharama, ili mwalimu na mwanafunzi wajifunze kwa bei nafuu.

Kwanza, asinunue darubini. Atoke nje usiku usio na mwezi, mbali na taa za mji wa Kisii, azoeze macho gizani kwa nusu saa. Tochi yake aifunge kwa karatasi nyekundu ya plastiki, kwani mwanga mwekundu hauwaharibii watazamaji uwezo wa kuona gizani. Akiwa na darubini ya macho mawili, ataviona vishada vya nyota ambavyo hakujua vipo. Aliyejifunza anga kwa macho hatapotea atakapolitafuta kwa kamera.

Pili, kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 50 na stendi imara ya miguu mitatu zinatosha kwa mwaka mzima wa mwanzo. Hata simu inayoweza kuacha lenzi yake wazi kwa sekunde kumi ni mwanzo mwema. Kanuni ya kukumbuka ni kugawanya 500 kwa urefu wa lenzi kwa milimita. Kwa lenzi ya 50 jibu ni sekunde 10; kamera zenye kipokea mwanga kidogo zaidi huhitaji sekunde sita au saba. Ukizidisha hapo, nyota huacha kuwa vitone na kuwa vijistari. Uwazi halisi wa picha nao usiachiwe mashine: lenga nyota kali, ikuze kwenye kioo cha kamera, kisha zungusha lenzi kwa mkono mpaka nyota iwe ndogo kabisa.

Tatu, picha moja haitoshi. Piga mia moja za sekunde sita kila moja, nawe umekusanya mwanga wa dakika kumi. Programu kama Siril na DeepSkyStacker, ambazo hazilipiwi, huzipanga picha hizo moja juu ya nyingine. Chengachenga za picha hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi yake: picha 16 huzipunguza mara nne, na 100 mara kumi. Hesabu ya kipeuo, ambayo mwanafunzi aliiona ubaoni akaidhania adhabu, sasa ataiona kwa macho.

Nne, na hapa ndipo ikweta inapotulipa, kuna kifaa cha mbao ambacho seremala yeyote wa Keroka au Suneka anaweza kukiunda kwa siku moja. Ni mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba kama mlango. Bolti ya milimita 6, ambayo nyuzi zake hupishana kwa milimita 1, hupitishwa katika nati iliyokazwa kwenye ubao wa chini, milimita 229 kutoka katikati ya bawaba. Ukiizungusha mara moja kila dakika, huuinua ubao wa juu kwa mwendo ule ule wa nyota, na kamera iliyofungwa juu yake huzifuata kwa dakika kadhaa badala ya sekunde kadhaa. Mtu wa London hana budi kukiinamisha kifaa hiki kwa kipimo kigumu. Sisi hukilaza tu. Weka bawaba upande wa magharibi na bolti upande wa mashariki, hakikisha kwa pimamaji kwamba bawaba imelala sawasawa, na kwa dira kwamba imeelekea kaskazini na kusini. Kwa lenzi fupi, hilo linatosha. Jambo lililoishinda darubini ya gharama ndilo jepesi mno kwa mbao na bawaba.

Tano, adui wa kifaa katika milima yetu ni unyevu. Usiku umande huifunika lenzi kabla hujatambua. Soksi yenye mchele uliopashwa moto kidogo, ikizungushiwa lenzi, humzuia adui huyo kwa muda. Mchana kuvu huota ndani ya vioo. Usiihifadhi kamera katika mfuko wake wa ngozi. Itie katika kopo lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vijifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya.

Kuhusu majira, mvua ya Gusii haina huruma. Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, mpiga picha hulala mapema. Desemba hadi Februari, na Juni na Julai, ndizo nafasi zetu. Januari tunalo wingu la Orioni, lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 1,300, na Kilimia karibu nalo. Julai kitovu cha galaksi yetu hupanda juu kabisa. Tena sisi wa ikweta huyaona ya kaskazini na ya kusini pia: galaksi ya Andromeda na Wingu Kubwa la Magellan. Mtu wa Ulaya hulazimika kupanda ndege kuja kuliona hili la pili.

Najua mwalimu atauliza: darasa limejaa, mtihani unakaribia, na picha za kupendeza kutoka darubini ya Hubble zimejaa kwenye intaneti, hizi zetu za mbao zitatufaa nini? Swali ni la haki. Hata hivyo, picha ya Hubble haimfundishi mtoto wa Manga kwa nini bawaba yake imelala na ya mwenzake wa London imeinama. Akishaielewa sababu hiyo, ameelewa mzunguko wa dunia, latitudo, pembe na kasi kwa mara moja, na kwa mikono yake mwenyewe. Mtaala wa umilisi tunaousifu kila siku unataka jambo gani jingine?

Wala jambo hili si geni kwetu. Wahenga wa pwani walisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Walilima kwa kulisoma anga. Na tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa miali ya eksrei. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Wageni walikuja ikweta kwa sababu walijua thamani ya mahali hapa. Ni aibu iwapo sisi wenyeji ndio tutakaokuwa wa mwisho kuijua.

Kwa hiyo nawasihi walimu wakuu na kamati za wazazi: kabla ya kutia sahihi hundi ya darubini, ulizeni kama mhimili wake unashuka hadi latitudo sufuri, ulizeni atakayeitengeneza ikiharibika, na ulizeni itahifadhiwa wapi pakavu. Majibu yakikosekana, fedha hizo zinunulie shule kamera moja ya mtumba, mbao, bawaba na bolti. Nasi tulio katika lugha tuna deni la kuandika maelekezo ya Kiswahili yanayoanza na pale msomaji aliposimama.

Darubini ile ya Nyamira bado haijachelewa. Lenzi zake ni nzima. Fundi wa vyuma akiikatia kitako kipya ambacho mhimili wake unalala, itaamka. Lakini ningependa wanafunzi wa shule hiyo waanze na mbao, ili siku itakapofunuliwa gunia wawe tayari wanajua la kuitendea.