Ndimu isitupwe mlangoni mwa wodi ya wazazi

Mchele wa Kilombero hupikwa Unguja na Pemba, na wengi wetu huujua kwa harufu kabla sufuria haijafunuliwa. Mama anayeulima hatumjui kiasi hicho. Leo twapenda kumzungumza yeye, hasa katika saa ile ya kujifungua, maana taabu yake ni taabu ya mama wa Micheweni na wa Makunduchi pia.

Msimu wa kilimo ukifika, familia nyingi za bonde lile huhama vijijini na kukaa mashambani miezi kadhaa, mbali na zahanati. Uchungu ukianza huko, safari ya kwenda Ifakara, kwenye Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, huwa ndefu. Kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa mwaka 2018, aliyetoka upande wa Ulanga alisubiri pantoni. Njiani mgonjwa huchafukwa na moyo. Bibi anayemsindikiza hufungua ncha ya kanga, akakwaruza ganda la ndimu kwa ukucha na kumpa anuse. Hakuna abiria wa bara wala wa visiwani asiyeijua dawa hiyo.

Kichefuchefu cha uzazi si deko. Tumbo la mama aliye katika uchungu hukawia kusukuma chakula. Maumivu yenyewe hutapisha. Sindano ya pethidini, inayotuliza maumivu, nayo hutapisha. Na ganzi ya mgongoni wakati wa upasuaji huweza kushusha shinikizo la damu hata mama akatapika akiwa juu ya meza. Atapikaye saa nyingi hupungukiwa na maji na nguvu, na nguvu ndiyo anayoihitaji.

Tumewahi kusimama nje ya wodi ya wazazi, katika kituo ambacho hatutakitaja, tukaona fundo la kanga la bibi kizee likifunguliwa. Mlikuwamo ndimu mbili, majani ya nanaa na kichupa cha dawa ya mizizi. Vyote vikatiwa katika pipa moja. Juu ya kichupa, mkunga alikuwa na haki kamili: dawa za kuharakisha uchungu, zinyweshwazo bila kipimo, zaweza kuukaza mji wa mimba hata ukapasuka. Lakini ndimu ilikosa nini? Bibi yule hakuuliza. Alikwenda kukaa chini ya mwembe, nasi twahofu kwamba mjamzito mwingine wa nyumba ile hataletwa kituoni mapema. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya skuli tulisomeshwa habari za Bibi Maryamu na mtende. Katika uchungu wake alipewa maji na tende, wala hakukemewa.

Hatusemi kwamba harufu ni muujiza. Kule Oxford, Uingereza, wakunga wa Hospitali ya John Radcliffe waliwatumilia mafuta ya harufu akina mama 8,058 kati ya mwaka 1990 na 1998, na peremende ikatumika kwa kichefuchefu. Wengi walisema mafuta hayo yaliwafaa, lakini akina mama hawakugawanywa kwa kura ili walinganishwe, kwa hiyo kazi ile haithibitishi mengi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018, yaliyokusanya majaribio 16 na watu 1,036, yaliona kwamba kunusa spiriti ya isopropili, ile ya kufutia ngozi kabla ya sindano, huenda kukapunguza haja ya dawa za kuzuia kutapika. Juu ya peremende ushahidi ulikuwa hafifu. Tena hao walikuwa wagonjwa wa upasuaji. Ushahidi basi ni mdogo, na gharama yake ni ndimu moja.

Tunachokitetea ni harufu ya ganda na ya jani, si chupa. Mafuta ya karafuu, ambayo sisi wa visiwani twayaona kitu cha nyumbani kwa kuwa Pemba kuna kiwanda chake pale Wawi, huunguza ngozi, na mtoto akiyameza yaweza kumharibu ini. Mafuta ya peremende yasikaribishwe puani mwa mtoto mchanga. Yaweza kumziba pumzi. Mwenye pumu naye aachwe. Na yapo matapishi yasiyotaka ndimu hata kidogo. Yakija pamoja na kichwa kuuma vikali, macho kuona ukungu au maumivu chini ya chembe ya moyo, huenda ni dalili za kifafa cha mimba. Yakija na homa, huenda ni malaria, maradhi ambayo maabara iliyoanzishwa Ifakara katika miaka ya 1950, leo Taasisi ya Afya Ifakara, imeyachunguza kwa miongo mingi. Hapo aitwe mkunga upesi.

Afya si jambo la Muungano, na kila upande una sheria yake ya tiba asili; ile ya Bara ni ya mwaka 2002. Shirika la Afya Duniani nalo lilipendekeza mwaka 2018 kwamba mama awe na mwenzake amtakaye wakati wa kujifungua. Yafaa basi Wizara zote mbili zitoe ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, ubandikwe mlangoni mwa kila wodi ya wazazi: hiki kinaingia, hiki hakiingii, na sababu yake. Wakunga waitwe kuuandika, na mabibi wawemo kikaoni. Bonde la Kilombero lingefaa kuanza, kabla familia hazijahamia mashambani msimu ujao.