SQL ya Kwenye Karatasi Itatuumbua

Muhula uliopita CR wetu aliniomba nihesabu wenzetu ambao bumu lilikuwa halijawaingia. Majina yote yalikuwa kwenye jedwali moja, safu ya mwisho ikiitwa hali. Mimi niliyepata A ya kanzidata nikajiona fundi, nikaandika:

SELECT COUNT(*) FROM wanafunzi WHERE hali <> 'amepata';

Jibu: 9. Nikatoa majina hayo tisa, CR akayapeleka. Kesho yake dada mmoja wa darasani akanifuata kantini. "Kaka, mbona mimi simo?"

Nikafungua jedwali. Kwake, kwenye safu ya hali, palikuwa patupu. Hakuandikwa amepata wala hajapata. Wa namna hiyo walikuwa watano.

Hapo ndipo NULL inapotuchapa. Si sifuri, si neno fulani. Maana yake ni kwamba haijulikani. Ukiiuliza SQL kama kisichojulikana ni tofauti na 'amepata', haisemi ndiyo wala hapana, na WHERE huchukua mistari ya ndiyo tu. Nilitakiwa kuongeza OR hali IS NULL, basi. COUNT nayo ina mtego wake: COUNT(*) huhesabu mistari yote, lakini COUNT(simu) huruka kila mstari usio na namba ya simu.

Haya yote yamo kwenye slaidi, kwa hiyo walimu siwalaumu kwa hilo. Ninacholalamikia ni mazoezi. Majedwali tunayopewa ni masafi kama ya maonyesho, hayana pengo hata moja, halafu UE tunaandikia karatasi, na karatasi hairudishi jibu la kukushtua. Tupeni jedwali chafu la mistari 20. Tuhesabu kwanza kwa kidole, ndipo tuandike swali na kulinganisha. Ukipata 14 kwa kidole na 9 kwa mashine, hao watano utawatafuta mwenyewe, tena utawakumbuka kuliko slaidi yoyote.

Na sisi tusijifanye tunangoja lekchara. SQLite ni ya bure, haihitaji seva, na hata laptop ya kuazima kwa rumumeti inatosha.

Orodha ya nyongeza ilipelekwa wiki iliyofuata. Siku zote hizo yule dada alikuwa anakula kwa mkopo kwa mama ntilie.