Daftari la Dawa Lisiishie Kabatini

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Yafaa tuongeze kwamba hata mali yenye daftari huisha vivyo hivyo, iwapo daftari lenyewe halisomwi. Upungufu huo wa pili ndio ninaokusudia kuuzungumzia, na mali yenyewe si fedha wala mahindi ya ghalani, bali ni dawa; na kwa hiyo ni maisha ya watu.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Uingereza, ambako kila mkazi huandikishwa kwenye kliniki ya daktari wa mtaani kwake. Katika mji wa Hyde, karibu na Manchester, alikuwako daktari aliyeitwa Harold Shipman, aliyeaminiwa mno na wagonjwa wake. Mwezi Januari 2000 mahakama ilimtia hatiani kwa kuwaua 15 kati yao. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Janet Smith ilieleza mwaka 2002 kwamba waliouawa naye walikuwa 215, wengi wao wakiwa akina mama wazee. Silaha yake ilikuwa dayamofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, na aliipata kwa njia iliyoonekana kuwa halali: aliandika vyeti vya dawa kwa majina ya wagonjwa, kisha akaichukua dawa hiyo mwenyewe. Tena hakuwa mgeni wa hila hiyo, kwa maana mwaka 1976 alikwisha kuhukumiwa kwa kughushi vyeti ili ajipatie dawa ya pethidini.

Jambo la kusikitisha ni kwamba karatasi zilikuwako. Vyeti viliandikwa, na vifo viliandikishwa. Kilichokosekana ni utaratibu wa kumlazimu mtu aziweke karatasi hizo pamoja na kuuliza: kwa nini daktari huyu hafanani na wenzake? Baadaye wataalamu wa takwimu, akiwamo David Spiegelhalter, walionyesha kwamba kama idadi ya vifo katika kliniki yake ingalilinganishwa na ya kliniki nyingine, kengele ingaliweza kulia miaka mingi kabla ya kukamatwa kwake mwaka 1998.

Somo hilo halikupotea. Sheria ya mwaka 2006 iliagiza wawepo maofisa maalumu wa kuwajibika kwa matumizi ya dawa kali za aina hiyo. Kadhalika, huko England takwimu za dawa zinazoandikwa na kila kliniki zikaanza kutangazwa kila mwezi, bila majina ya wagonjwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walianzisha chombo kiitwacho OpenPrescribing, ambacho humwezesha mtu yeyote kuona kliniki moja imesimama wapi miongoni mwa wenzake.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuwafanya madaktari wote watuhumiwa. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kubezwa. Daktari mwenye wagonjwa wengi wa saratani hana budi kuandika dawa nyingi za maumivu, na mwenye wazee wengi ataandika dawa nyingi kuliko mwenye vijana. Ndiyo maana ulinganisho wa haki huzingatia umri na hali ya wagonjwa, na ndiyo maana tarakimu isiyo ya kawaida ni swali tu, wala si hukumu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha.

Aidha, swali likiulizwa kwa adabu huleta manufaa. Mwaka 2014 Mganga Mkuu wa England, Sally Davies, alizipelekea barua baadhi ya kliniki zilizokuwa zikiandika antibiotiki kwa wingi. Barua haikumtisha mtu. Ilimweleza daktari kwamba asilimia 80 ya kliniki za eneo lake huandika antibiotiki chache kuliko yake, ikamshauri la kufanya. Katika muda wa miezi sita, kliniki zilizopata barua ziliandika dawa hizo pungufu kwa asilimia 3.3 kuliko zile ambazo hazikupata. Hakuna aliyefukuzwa kazi wala kuaibishwa. Kila mmoja alionyeshwa kioo.

Wala takwimu hazichukui nafasi ya ujasiri wa mtumishi. Katika hospitali ya Gosport, kusini mwa England, wauguzi walilalamika tangu mwaka 1991 juu ya jinsi dayamofini ilivyokuwa ikitumika. Hawakusikilizwa. Ripoti ya mwaka 2018 ilisema kwamba wagonjwa 456 walifupishiwa maisha katika hospitali hiyo. Neno la muuguzi lilisimama peke yake mbele ya cheo cha daktari, na likashindwa. Laiti hesabu zingalisomwa mapema na kuwekwa mezani pamoja na malalamiko yale, wakubwa wasingalipata pa kujificha.

Nasi tunahusika. Mwaka 1985 wataalamu wa dunia walikutana Nairobi kujadili matumizi sahihi ya dawa, na mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani likatoa vipimo vyepesi ambavyo hata zahanati ya kijijini yaweza kuvitumia: kila mgonjwa hupewa dawa ngapi kwa wastani, kati ya wagonjwa 100, wangapi huandikiwa antibiotiki, na wangapi hudungwa sindano. Hesabu hizo hazihitaji mtambo. Zinahitaji penseli, na mtu aliyepewa wajibu wa kuzifanya.

Hapa Tanzania vitabu vya MTUHA hujazwa vituoni, na fomu za madai ya Bima ya Afya huonyesha mgonjwa alitibiwa nini na kwa dawa gani. Watumishi wa serikali, wakiwamo walimu, ndio waliokuwa wa kwanza kuchangia Mfuko huo ulipoanza mwaka 2001. Dawa isiyo ya lazima inapoandikwa, wao huilipia mara mbili: kwanza kwa mchango unaokatwa katika mshahara, na pili kwa afya zao, pale vimelea vinapokuwa sugu na dawa kukosa nguvu siku inapohitajika kweli.

Basi ni haki kudai kwamba takwimu hizo zisiishie kwenye kulipa madai na kujaza makabati. Mganga mfawidhi wa kila kituo apelekewe kila mwezi karatasi moja inayomwonyesha yeye na vituo vinavyofanana na chake. Palipo na tofauti kubwa, aulizwe kwanza na kusikilizwa. Na asipokuwa na maelezo, ndipo akaguliwe. Mwalimu akiona darasa zima limepata alama zilezile kwa makosa yaleyale, hangoji mwisho wa mwaka ndipo aulize. Uangalifu huohuo ndio tunaoudai kwa ajili ya mgonjwa.