Oili ya Pikipiki na Fizikia Tusiyoifundisha

Katika shule zetu za sekondari mwanafunzi hufundishwa kwamba msuguano ni nguvu inayopinga mwendo kati ya nyuso mbili zinazogusana, kwamba vilainishi hupunguza msuguano huo, na kwamba mnato wa kimiminika hupungua kadiri joto linavyozidi. Huyaandika hayo katika daftari, huyakariri, huyajibu katika mtihani na kufaulu. Kisha hutoka nje ya lango la shule akapanda pikipiki ambayo dereva wake, pengine aliyeketi katika dawati lile lile miaka mitatu iliyopita, anaiendesha kwa oili iliyokwisha nguvu tangu mwezi jana. Makala haya yanadai kwamba kosa hilo si la dereva peke yake. Elimu aliyopewa haikumwonyesha kwamba daftari na injini vilikuwa vinazungumza jambo moja.

Nachukua mfano wa Nemba, katika Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Huko, kama ilivyo katika sehemu nyingi za magharibi ya nchi yetu, pikipiki ndiyo gari la wagonjwa, gari la mbegu na mbolea, na gari la mwalimu aendaye kupokea mshahara. Vumbi jekundu la kiangazi huingia kila mahali penye upenyo. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko vyuma vingi. Chembe ikipita kwenye kichujio cha hewa kilichochakaa, safari yake huishia katika oili, na kutoka hapo huanza kusaga ringi, silinda na beringi, polepole, bila kelele, mpaka moshi wa buluu utokee kwenye ekzosi na kila mtu aone.

Kabla sijaendelea, yafaa tutofautishe mashine tatu ambazo watu huziita kwa jina moja. Vespa za zamani, ambazo wakazi wa Unguja wanazifahamu vyema, zina injini ya mipigo miwili: oili ya injini huchanganywa na petroli na kuunguzwa pamoja nayo, na gia zina oili yake mbali, kiasi cha mililita 250 tu, ya SAE 30. Skuta za kisasa zisizo na gia za mguu huendeshwa kwa mkanda wa mpira, lakini karibu na gurudumu la nyuma mna kijisanduku cha gia chenye oili nzito isiyozidi sana mililita 100 au 120. Pikipiki ya bodaboda ni jambo la tatu kabisa. Oili yake ni moja tu, kiasi cha lita 1, nayo hulainisha pistoni, hulainisha gia, na papo hapo klachi huogelea ndani yake.

Tofauti hiyo si ya kubabaisha. Katika kijisanduku cha skuta hakuna moto wala masizi, kwa hiyo oili yake hudumu muda mrefu. Adui zake ni maji na unga wa chuma. Ikitoka ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Ikijazwa kupita kiasi huweza kuvuja hadi kwenye breki ya nyuma, na hapo jambo lililoanza kama uchumi wa oili huwa jambo la uhai. Kwenye bodaboda, meno ya gia hufanya kazi nyingine ambayo mwalimu wa kemia angeifurahia. Oili nyingi za siku hizi, zile zenye namba mbili kama 20W-50, zimetiwa polima, yaani molekuli ndefu zinazozuia oili isiwe nyepesi mno inapopata joto. Meno ya gia huzikata molekuli hizo kama panga likatavyo kamba. Baada ya kilomita elfu kadhaa oili iliyomiminwa ikiwa na mnato wa 50 huenda ikawa imeshuka chini ya hapo, ijapokuwa ujazo wake haujapungua sana.

Nimewasikia mafundi wakishauri kwamba, kwa kuwa pikipiki ina gia, itiwe oili ya gia ya magari, ile ya 80W-90, kwa sababu “90 ni nzito kuliko 40”. Hapo kuna makosa mawili. Kwanza, namba za oili ya gia na za oili ya injini ni mizani miwili mbalimbali: 90 ya gia ina mnato unaokaribiana na 40 au 50 ya injini. Pili, oili ya gia ya magari hutiwa viambato vya salfa na fosforasi visivyokusudiwa kukaa mahali penye moto wa petroli wala kwenye klachi. Na oili ya injini ya gari dogo nayo si salama sikuzote, maana baadhi yake zimetiwa viambato vya kuongeza utelezi, na klachi inayooga ndani yake huanza kuteleza mlimani. Ndiyo sababu Wajapani waliweka mwaka 1998 kiwango maalumu cha oili za pikipiki, na alama ya JASO MA iliyochapwa kwenye chupa humjulisha mnunuzi kwamba oili hiyo inafaa kwa klachi ya namna hiyo. Alama hiyo ni ndogo. Sijapata kukiona kitabu cha kiada kinachoitaja.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi zaidi. Pikipiki nyingi za Kichina zinazouzwa katika Afrika ya Mashariki zina injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125, ambayo kampuni hiyo iliitoa katikati ya miaka ya 1970. Wahandisi wa Honda walikuwa wamegundua kwamba injini zao za awali, zenye ekseli ya kamu juu ya silinda, ziliharibika mapema katika nchi zinazoendelea kwa sababu ya kukosa matunzo, na hasa kwa sababu oili haikubadilishwa kwa wakati. Basi wakaunda injini sahili zaidi, wakaishusha kamu chini karibu na oili, wakatumia vijiti vya kusukumia vali. Kwa upande wa uhandisi, ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano. Lakini, ndugu msomaji, hebu tafakari maana yake: mashine unayoipanda kila siku ilibuniwa kwa dhana kwamba wewe hutamwaga oili. Karibu miaka 50 imepita. Je, dhana hiyo tumeikanusha?

Kumwaga oili nyumbani hakuhitaji karakana. Injini huwashwa dakika tatu au nne ili oili ipate uvuguvugu, mnato wake upungue na uchafu uliotuama uchanganyike nayo. Hapo mwanafunzi akumbuke sura ya joto na vimiminika. Pikipiki husimamishwa kwa stendi kubwa mahali tambarare, karai likawekwa chini, kifuniko cha juu kikafunguliwa ili hewa iingie, kisha boliti ya chini ikalegezwa kwa spana. Mikono ikae mbali na ekzosi, na oili iwe vuguvugu, isiwe ya moto wa kuunguza. Oili iachwe ichuruzike mpaka tone la mwisho, kichujio cha wavu kisafishwe, boliti irudishwe pamoja na kiringi chake, oili mpya ipimwe na kumiminwa, injini iwashwe kidogo na kuzimwa, na baada ya dakika chache kijiti kitazamwe. Kazi yote haizidi nusu saa.

Katika boliti hiyo moja mna somo zima la momenti. Tuseme inahitaji kukazwa kwa nyutoni-mita 30. Spana yenye urefu wa sentimita 15 itahitaji nguvu ya nyutoni 200, yaani karibu sawa na uzito wa dumu la maji la lita 20. Kijana mwenye misuli akivalisha bomba la mita moja kwenye spana hiyo na kuning’inia, ataing’oa nyuzi ya alumini, na injini itavuja maisha yake yote. Hesabu hii ningeitoa katika mtihani kwa furaha kuliko ile ya ubao wa bembea ambayo imezeeka pamoja nasi.

Watu wengi huitambua oili mbovu kwa rangi. Rangi hudanganya. Oili njema hutiwa sabuni za kikemia zinazonyakua masizi na kuyaeleza yasigande kwenye chuma, kwa hiyo oili iliyogeuka nyeusi mapema huenda inafanya kazi yake barabara, na ile iliyobaki nyeupe baada ya miezi mitatu ndiyo ya kutiliwa shaka. Njia ya kuaminika ni kilomita. Vitabu vya watengenezaji wengi hutaja kati ya kilomita 2,000 na 5,000, na kwenye vumbi la Nemba ningeshikilia ile ya chini. Dereva aendaye kilomita 120 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, amekwenda 3,000. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi ni kiwango cha chini kabisa, na asiye na kipimamwendo kizima ahesabu siku.

Ipo sababu ya kiuchumi kwa nini hahesabu. Vijana wengi huendesha pikipiki za watu kwa mkataba: kila jioni hupeleka kwa mwenye pikipiki kiasi walichokubaliana, na baada ya mwaka mmoja au zaidi pikipiki huwa mali ya kijana. Katika mikataba mingi ya maneno, oili ni juu ya dereva. Siku ya biashara mbaya, kati ya kupeleka hesabu na kununua chupa ya oili, hesabu hushinda, maana mwenye pikipiki hupiga simu nayo injini haipigi. Injini ikifa mwezi wa kumi, kijana amepoteza miezi kumi ya kazi yake. Kwa maoni yangu wenye pikipiki wanajidhulumu wenyewe kwa utaratibu huu, na ingefaa chupa moja kwa mwezi iandikwe katika mkataba kuwa ni juu ya mwenye mali, irudishwe karai la oili chafu kama ushahidi. Najua wapo watakaosema dereva ataiuza chupa hiyo. Labda. Hata hivyo chupa moja ni hasara ndogo kuliko pistoni.

Na hilo karai la oili chafu linakwenda wapi? Nimeona likimwagwa nyuma ya kibanda, likipakwa kwenye nguzo ili kuzuia mchwa, likinyunyizwa uwanjani kulaza vumbi. Pikipiki 40 za kijiwe kimoja, kila moja ikimwaga lita 1 kwa mwezi, hutoa lita 480 kwa mwaka mahali pamoja, na mvua za masika huyachukua yote kuelekea bondeni, ambako ndiko watu huchota maji. Oili iliyotumika ina metali na haidrokaboni za pete nyingi zilizozaliwa na moto wa injini. Ikipakwa kwenye ngozi ya panya wa maabara mara kwa mara, huleta uvimbe wa kansa. Mwaka 1922 madaktari wa Manchester walieleza kansa ya ngozi kwa wafanyakazi wa viwanda vya pamba ambao nguo zao zilikuwa zikilowana kila siku kwa oili ya mashine. Fundi anayenawa kwa petroli baada ya kushika oili hiyo hajisaidii, kwani petroli hulainisha njia. Sabuni na maji, na mfuko wa plastiki mkononi ikiwa hakuna glovu, ndiyo kinga yake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitambua taka hatarishi na kutaka zishughulikiwe ipasavyo. Kwa kijiji, hatua ya kwanza ni pipa moja la lita 200 lenye kifuniko, chini ya paa, mbali na kisima. Kwa hesabu ya hapo juu litajaa katika miezi mitano. Barabara kuu za Biharamulo zinapitiwa na malori mchana na usiku, na lori lirudilo tupu huweza kulibeba pipa hadi kwa mkusanyaji mwenye kibali.

Tangu Januari 2024 elimu yetu ya sekondari ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na baadhi ya wenzangu wamenijibu kwamba mambo ya spana sasa yamepata mahali pake. Sikubaliani nao. Ikiwa oili itaachiwa mkondo wa amali, na mnato ukabaki kwenye mkondo wa jumla, tutakuwa tumepasua jambo moja vipande viwili. Nadharia yenyewe ya ulainishaji ilizaliwa karakanani. Katika miaka ya 1880, huko Uingereza, Beauchamp Tower alikuwa akipima beringi za ekseli za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili, na oili ikapanda kwa tundu hilo ikamwagika. Akaliziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Akaweka cha mti, nacho kikatoka. Ndipo ilipofahamika kwamba ekseli inayozunguka hujivutia oili chini yake na kuibana mpaka oili yenyewe inabeba mzigo, chuma kisiguse chuma. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaliandikia jambo hilo milinganyo yake.

Jaribio lifuatalo halihitaji maabara. Mwalimu achukue bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, alijaze oili mpya, aruhusu itoke kwa uzito wake na kupima muda kwa saa ya simu. Arudie kwa oili ya aina ile ile iliyotembea mwezi mmoja, katika joto lile lile, maana hapo ndipo wanafunzi wengi watakapokosea. Wakiona muda umepungua, wataje polima zilizokatwa na petroli iliyopenya. Wakiona umeongezeka, wataje masizi. Na wakiona haukubadilika, mwalimu asikubali waseme oili ni nzima, kwa sababu mambo hayo mawili huweza kufutana. Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha, na oili chafu itapatikana kijiweni bila malipo.