Kuhesabu kwa Mizani: Maoni Yetu Juu ya Ufundishaji wa Moli

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi akiulizwa maana ya moli, aghalabu hujibu upesi kwa kutaja kanuni aliyoikariri sekondari: gawanya tungamo la dutu kwa tungamo la moli yake. Akiulizwa tena, kati ya gramu moja ya dhahabu na gramu moja ya kaboni ipi ina atomu nyingi zaidi, husita; au husema dhahabu, kwa kuwa dhahabu ni nzito. Jawabu hilo ni kinyume cha ukweli. Gramu ya kaboni ina atomu zaidi ya mara 16 ya zile zilizomo katika gramu ya dhahabu. Atomu moja ya dhahabu ni nzito, kwa hiyo atomu chache tu zatosha kufikia gramu moja.

Kosa hili halitokani na uvivu wa mwanachuo. Latokana na njia aliyofundishwa. Alipewa kanuni kabla ya kupewa jambo lenyewe. Maoni yetu ni kwamba moli si chochote ila ni kuhesabu kwa mizani, na kwamba msingi wake hujengwa katika shule ya msingi, miaka kadhaa kabla neno moli halijatamkwa mbele ya mtoto. Kwa hiyo kazi hii yawahusu ninyi mnaosoma jarida hili, wala si walimu wa sekondari peke yao.

Tuchukue mfano wa Segese, katika Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga, kwenye ukanda wa dhahabu wa Kahama na Geita. Mtoto wa hapa huiona mizani ya aina mbili. Ipo ile kubwa ya kupimia mpunga na mahindi, na ipo ile ndogo ya mnunuzi wa dhahabu, inayopima hata pointi moja, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Mtoto huyu anajua tangu utotoni kwamba kitu kidogo chaweza kuwa na uzito mkubwa, na kwamba hakuna anayenunua mpunga kwa kuhesabu punje. Maarifa hayo ni mali. Lakini akiingia darasani hukuta ubao na chaki tu, na ile mizani huachwa nje ya mlango.

Twapendekeza somo lifuatalo, ambalo halihitaji maabara. Tengenezeni mizani kwa ufito ulionyooka, uzi, na vifuniko viwili vya kopo vilivyo sawa. Mawe ya mizani yasitafutwe. Maji yatosha, kwa sababu mililita moja ya maji ina tungamo la gramu moja. Tumieni bomba jipya la sindano, bila sindano yenyewe. Wanafunzi wahesabu punje 100 za mpunga, waziweke katika kifuniko kimoja, kisha watie maji katika kifuniko cha pili polepole mpaka ufito ulale sawasawa. Mililita zilizotoka katika bomba ndizo gramu za mpunga. Baada ya hapo wafanye vivyo hivyo kwa punje 100 za mahindi.

Tuseme wamepata gramu 2.5 kwa mpunga na gramu 30 kwa mahindi. Matokeo yenu yaweza kutofautiana na haya kidogo, kwa kutegemea mbegu. Sasa mwalimu aulize: kilo moja ya mpunga ina punje ngapi? Darasa litapata 40,000, na hakuna mtoto aliyekaa kuzihesabu. Kisha aulize swali ambalo ndilo kiini cha somo: nikitaka mahindi yenye idadi ileile ya punje, nipime kilo ngapi? Mtoto atakayejibu kilo 12 kwa kuwa punje ya mahindi ina uzito mara 12 ya punje ya mpunga, huyo amekwisha kuielewa moli, ingawa hajalisikia jina lake.

Na kwa bahati njema, uwiano huu wa 1 kwa 12 ndio uwiano wa tungamo la atomu ya hidrojeni na lile la atomu ya kaboni. Siku moja mwalimu wake wa sekondari atamwambia kwamba gramu 1 ya hidrojeni, gramu 12 za kaboni na gramu 197 za dhahabu zina idadi moja ya atomu. Idadi hiyo huitwa moli, kama vile vitu 12 vinavyoitwa dazani. Dazani ya mayai na dazani ya maboga hazilingani kwa uzito, lakini zalingana kwa idadi. Zile gramu zinazohitajika ili kuifikia idadi hiyo ndizo tungamo la moli. Kwa maji ni gramu 18, kwa chumvi ya mezani ni gramu 58.5, kwa sukari ni gramu 342. Mwenye kuona hivi haihitaji kanuni ya kukariri, maana ataitunga mwenyewe.

Wako walimu wanaoanza somo hili kwa kuandika ubaoni ile namba kubwa, 6.02 × 10²³. Sisi twaona kuwa huko ni kuanza mwisho. Historia yenyewe ya kemia haikuanza hapo. Mwaka 1811 Avogadro wa Italia alitoa rai kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo ile ile, zina idadi sawa ya molekuli. Idadi yenyewe hakuijua. Mwaka 1860 Cannizzaro, Mwitalia mwenzake, aliwaonyesha wanakemia waliokutana Karlsruhe, Ujerumani, jinsi rai hiyo inavyosaidia kupata uwiano wa uzito wa atomu. Yeye naye hakuijua idadi hiyo. Ilikuwa mwaka 1909 ambapo Perrin wa Ufaransa alitoa makadirio yake ya namba hiyo na kupendekeza ipewe jina la Avogadro. Wataalamu walitumia uwiano kwa miaka mingi kabla ya kuijua namba. Kwa nini basi tumtwishe mtoto namba kabla ya uwiano?

Hapa yafaa tutahadharishe jambo moja. Katika vitabu vingi moli hufafanuliwa kwa idadi ya atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Huo ndio uliokuwa ufafanuzi rasmi tangu mwaka 1971. Tangu tarehe 20 Mei 2019 moli hufafanuliwa kwa idadi kamili, yaani 6.02214076 × 10²³. Kwa hesabu za darasani hakuna tofauti yoyote ya kumsumbua mwanafunzi.

Huenda mtu akatupinga kwa kusema kwamba punje si atomu. Ni kweli. Punje hazilingani, na ndiyo maana twapima 100 badala ya moja ili tupate wastani. Lakini hata atomu za elementi nyingi zina isotopu zenye uzito mbalimbali. Klorini hupewa 35.5 kwa sababu ni wastani wa atomu za 35 na za 37. Dhahabu ni tofauti: dhahabu yote ya asili ina isotopu moja tu, ile ya 197. Mwalimu awaeleze wanafunzi waziwazi kwamba punje ni mfano, na mfano una mipaka yake.

Wengine watasema kwamba mambo haya hayana haja kwa mtoto wa shule ya msingi, ambaye huenda asiione maabara maishani mwake. Hao twawajibu kwa kuwaonyesha mialo ya kuchenjulia dhahabu. Baada ya karasha kusaga mawe, wachimbaji wadogo wengi hutia zebaki, nayo hukamata chembe za dhahabu. Kisha donge lile huchomwa; zebaki hutoweka machoni na dhahabu hubaki. Mtoto anayetazama huamini kwamba zebaki imekwisha. Haikwisha. Gramu moja ya zebaki ina atomu zipatazo 3 × 10²¹, na moto hauharibu hata moja. Zote zimekwenda hewani, na baadaye huangukia udongo, maji na paa la nyumba. Mvuke huo hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni yumo hatarini zaidi. Ndiyo sababu mwaka 2013 mataifa yalipitisha Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake wengi walidhuriwa na sumu hiyo.

Mtoto aliyezoea kupima kabla na kupima baada, na kuuliza kilichopungua kimekwenda wapi, hatadanganywa na moto. Atamuuliza baba yake swali hilo hilo nyumbani. Wala mwalimu asithubutu kuleta zebaki darasani ili kulionyesha jambo hili. Mpunga na maji vyatosha.

Kwa hiyo, ndugu wanachuo, mtakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, msisubiri vifaa kutoka mbali. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mwacheni mtoto azihesabu zile haba, akipime kile kibaba, na atafute mwenyewe uhusiano wa viwili hivyo. Akifika sekondari na kuikuta moli katika lugha nyingine, atakuwa anajifunza jina tu. Jambo lenyewe atakuwa amelipata kwenu.