Mchumba yuko Denmark, mjomba anataka posa iende

Mwezi huu nina ujumbe mrefu kutoka Rwamishenye, Bukoba. Aliyeandika ni kaka wa miaka 29, mwalimu wa sekondari. Mchumba wake ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na tangu mwishoni mwa Agosti yuko Aarhus, Denmark, kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Hakai hosteli, anaishi na familia ya huko: baba, mama na watoto wawili. Atarudi mwishoni mwa Januari.

Kaka yetu machale yamemcheza. Anasema zamani binti alikuwa akipiga simu saa 3 usiku bila kukosa, lakini tangu Oktoba ilipoisha anapiga saa 4. Akipiga, hadithi ni za baba wa nyumba ile, eti siku fulani za wiki ndiye anayepika na kufua. Kubwa kuliko yote, juzi binti amemwambia kwamba hataki waanze maisha ya ndoa nyumbani kwa wazazi wa kaka. "Miaka minne hajawahi kunikatalia kitu," ameandika. Mjomba wake naye ana dawa: posa iende kwa wazazi wa binti sasa hivi, ili akirudi akute mambo yameiva.

Tuanze na saa, maana hiyo ni rahisi. Kaka, mchumba wako hajachelewa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Wadenmark hurudisha saa zao nyuma, kwa hiyo tofauti na sisi inakuwa saa mbili badala ya moja. Yeye bado anakupigia saa ileile ya kwao, saa 2 usiku, vyombo vikishaoshwa. Mwishoni mwa Machi watazisogeza tena mbele. Wangapi wameachana kwa jambo dogo kama hili, sijui, lakini hawakosekani.

Sasa hiyo familia. Wazungu wa kaskazini si wageni Bukoba. Askofu wa kwanza wa Kilutheri wa Buhaya, Bengt Sundkler, alikuwa Mswidi, na mwaka 1964 nafasi yake ikachukuliwa na Josiah Kibira. Lakini wale walikuja kwetu, tukawapa kahawa ya kutafuna na kiti kizuri. Kwenda kuishi jikoni kwao ni habari nyingine kabisa. Mgeni wetu hagusi sufuria. Kwao, ukishazoea kidogo, unaonyeshwa mashine ya kuoshea vyombo ilipo na unaweza kupewa siku yako ya kupika. Hawakudharau. Ndiyo namna yao ya kusema umeshakuwa mtu wa nyumbani. Baba wa nyumba anaitwa kwa jina lake, na hata profesa chuoni anaitwa kwa jina lake. Binti aliyefundishwa kupiga magoti akisalimia wakubwa anahitaji muda kuzoea hilo.

Mezani ndiko mtihani ulipo. Chakula cha jioni huliwa mapema, kama saa 12, wote pamoja. Ukiulizwa kama utaongeza ukajibu "hapana, nimeshiba" kwa adabu za kwetu, ukitegemea kubembelezwa mara ya pili na ya tatu, bakuli linapita na utalala na njaa yako. Hawana roho mbaya, wamekuamini tu. Kule hapana ni jibu kamili, halimvunjii mtu heshima. Mkimaliza unamwambia aliyepika "tak for mad", yaani asante kwa chakula, awe mama, baba au kijana wa shule.

Sasa mtu akiishi hivyo miezi mitatu, unategemea aendelee kukuitikia "sawa" kwa kila kitu? Mimi nadhani hilo la kutokaa kwa wakwe hakulipata Denmark. Alikuwa nalo siku nyingi, ila hakuwa na pa kulisemea. Uliyemzoea kwa miaka minne huenda ni nusu yake tu.

Na huyo mzee wa viazi, jamani, usimwonee wivu. Anachokisifia binti ni ule utaratibu. Tangu Agosti 2022 sheria ya Denmark inamtengea kila mzazi mwajiriwa wiki 11 za likizo ya uzazi ambazo hawezi kumwachia mwenzake, baba naye akiwemo. Kwetu sheria ya kazi ya 2004 ilimwekea baba siku zisizopungua 3. Mchumba wako ameona nyumba nyingine inavyoendeshwa, anakusimulia wewe. Ungependa amsimulie nani?

Usidhani pia yuko peponi. Desemba Aarhus jua linazama kabla ya saa 10 alasiri. Watu hawagongi hodi tu kama kwetu, kutembeleana kunapangwa mapema, wakati mwingine wiki kadhaa. Kwenye basi hakuna anayemsalimia asiyemjua. Binti aliyezoea salamu kumi kabla hajafika sokoni Rwamishenye, akikaa na giza lile sauti yake itapoa. Ukiisikia imepoa, usianze upelelezi. Msimulie habari za nyumbani, hata za senene.

Kuhusu posa, hapana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, na mahari iliyopelekwa kwa kuvizia haitamziba mtu mdomo. Itamfundisha kwamba alipokuambia ukweli ulimzunguka. Mwambie mjomba, kwa heshima zake zote, asubiri mpaka Februari, na aende pale binti mwenyewe atakaposema nendeni.

Kuna jambo moja hukuandika, nalo ndilo ningependa kulijua: wewe mwenyewe unataka kuishi kwa wazazi, au ni mazoea tu? Kama mama ni mgonjwa na anakutegemea, mwambie mchumba wako hivyo, nalo lina uzito wake. Kama hakuna sababu, wiki hii kaulizie kodi ya vyumba viwili hapo Rwamishenye, ili akipiga saa 4 uwe na bei mkononi.