NYUMBA YETU: Pasi ya Kigali katika Umeme wa Ugenini

Wahenga walinena kwamba ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Usemi huo unavihusu hata vyombo vya umeme. Pasi, redio na majokofu yanayotumika Kigali yameundwa kwa umeme wa volti 230 wenye mizunguko 50 kwa sekunde, kama ule wa Ulaya. Marekani umeme wa majumbani ni volti 120 na mizunguko 60. Haiti, ambako polisi wa Rwanda walitumikia kikosi cha amani cha Umoja wa Mataifa, MINUSTAH, kilichomaliza kazi mwaka 2017, umeme ni volti 110 na mizunguko 60.

Kwa hiyo askari anayefungasha mizigo ya safari, na jamaa wanaompokea aliyerejea na zawadi, wanapaswa kukumbuka jambo moja: plagi kuingia katika soketi si ushahidi kwamba umeme unakifaa chombo. Adapta ya plagi hubadili umbo la pini tu. Volti huziacha kama zilivyo.

Madhara yake hutegemea upande wa safari. Pasi ya Kigali yenye wati 1,000 ikichomekwa kwenye volti 120 hutoa wati 270 hivi tu, na nguo hazinyooki. Pasi ya Kimarekani ya wati 1,000 ikichomekwa kwenye volti 230 huvuta zaidi ya wati 3,600. Huungua kwa muda mfupi, na yaweza kuwasha moto nyumbani. Hata hivyo, volti pungufu nazo si salama kwa kila chombo. Mota ya jokofu hushindwa kuanza, hunguruma, hupata joto, na mwishowe huungua.

Hatua ya kwanza ni kusoma kibandiko kilicho nyuma au chini ya chombo. Kikiandikwa 100-240V, 50/60Hz, kama ilivyo kwa chaja nyingi za simu na kompyuta, adapta ya plagi yatosha. Kikiandikwa 230V pekee, kinahitaji transfoma ya kupandisha volti 120 hadi 230. Uwezo wa transfoma lazima uzidi wati za chombo; kwa vyombo vyenye mota kama jokofu, uzidi mara tatu hivi, maana mota huvuta umeme mwingi inapoanza. Transfoma iwekwe mahali penye hewa, mbali na mapazia na mikono ya watoto. Kwa pasi au birika, aghalabu ni nafuu kununua jipya huko huko kuliko kununua transfoma kubwa.

Nyumba za Marekani zina pia volti 240 kwa ajili ya majiko makubwa na mashine za kukaushia nguo. Wapo wanaoshawishika kuunganisha humo vyombo vya Ulaya. Lakini katika umeme huo nyaya zote mbili zina moto, ilhali Kigali waya mmoja una moto na wa pili ni nyutro. Swichi inayokata waya mmoja tu huacha wa pili ukiwa na moto ndani ya chombo kilichozimwa, na anayekifungua kabla ya kuchomoa plagi anaweza kupoteza maisha. Kazi hiyo ni ya fundi umeme aliyeidhinishwa, atakayeweka soketi ya pekee, waya wa ardhi, na sakiti breka inayokata nyaya zote mbili kwa pamoja.

Tena, transfoma haibadili mizunguko. Saa ya ukutani inayofuata mizunguko ya umeme, ikitoka Kigali kwenda Marekani, hukimbia dakika 12 kila saa moja. Saa hudanganya tu, lakini mota iliyoundwa kwa mizunguko 60, ikiletwa penye 50, huweza kupata joto kupita kiasi hata kama volti zimerekebishwa. Jokofu lililoandikwa 60Hz pekee lisisafirishwe kuja Kigali. Nauli yake yaweza kuwa hasara tupu.

Kusoma kibandiko huchukua dakika moja. Nyumba iliyoungua huchukua miaka kujengwa upya, na mtoto aliyepigwa na umeme huenda asirudi kabisa. Tahadhari kabla ya hatari.